Kuelewa Upandikizaji wa Ini: Mwongozo kwa Mgonjwa na Anayemuuguza

Daktari anapotamka kwa mara ya kwanza kwamba ini lako huenda likahitaji kubadilishwa, ni kawaida kulisikia neno "upasuaji" na kutosikia tena lolote linalofuata. Ndivyo ilivyomtokea kaka yangu, na ndivyo ilivyonitokea mimi niliyekuwa nimeketi kando yake na daftari ambalo siku ile sikuandika ndani yake hata mstari mmoja. Ilituchukua miezi kuelewa kwamba upasuaji ni siku moja tu katika shughuli ya miaka mingi, na kwamba matokeo yake hutegemea sana mambo yanayofanywa kabla ya siku hiyo na baada yake, ambayo mengi yamo mikononi mwa mgonjwa mwenyewe. Maelezo yanayofuata yamepangwa kwa utaratibu ambao mgonjwa huyakuta mambo hayo. Hayachukui nafasi ya ushauri wa madaktari wako. Kazi yake ni kukuwezesha kuuelewa ushauri huo na kuuliza maswali yanayostahili. Ukiona suala la wakati likijirudia mara nyingi, ni kwa sababu karibu kila uamuzi katika upandikizaji wa ini ni uamuzi wa wakati.

Ini linaposhindwa kazi

Ini la mtu mzima lina uzito wa takriban kilo moja na nusu, nalo limelala upande wa kulia wa tumbo, chini ya mbavu. Kazi zake ni nyingi, lakini ukizishika nne utaelewa karibu dalili zote za ini linaloshindwa. Hutengeneza nyongo, ambayo husaidia kumeng'enya mafuta na kutoa nje uchafu wa rangi ya manjano uitwao bilirubini. Ikikwama, macho na ngozi hugeuka manjano, mkojo huwa kama chai ya rangi, na mwili huwasha. Hutengeneza protini zinazogandisha damu. Zikipungua, mtu hutoka damu kwenye fizi au hupata alama za michubuko bila kujigonga. Hutengeneza albumini, ambayo huyazuia maji yasivuje kutoka kwenye mishipa. Ikishuka, miguu huvimba na tumbo hujaa maji. Mwisho, husafisha damu inayotoka utumboni, ikiwemo kuondoa amonia. Lisipoisafisha, sumu hizo hufika kwenye ubongo na mtu huanza kusahau, kulala mchana na kukesha usiku, kisha kuchanganyikiwa.

Figo zikishindwa, mashine inaweza kusafisha damu ya mgonjwa kwa miaka. Ini halina mashine ya namna hiyo, na hiyo ndiyo sababu kubwa inayoufanya upandikizaji kuwa njia pekee pale ini linapofika mwisho.

Kwa watu wazima, kinachofikisha ini hapo mara nyingi ni makovu yaliyojikusanya kwa miaka, hali iitwayo sirosisi. Chanzo chake kinaweza kuwa homa ya ini ya virusi vya B au C, pombe, mafuta yanayojaa kwenye ini kutokana na unene na kisukari, kinga ya mwili kulishambulia ini lenyewe, magonjwa ya mirija ya nyongo, au magonjwa ya kurithi yanayolimbikiza shaba au chuma. Kwa watoto wadogo, sababu inayoongoza ni kuzaliwa na mirija ya nyongo iliyoziba. Makovu hulifanya ini kuwa gumu, damu inayotoka utumboni ikashindwa kupita kwa urahisi, na shinikizo likapanda hadi mishipa ya umio ikavimba. Mishipa hiyo ikipasuka, mgonjwa hutapika damu.

Kuwa na sirosisi hakumaanishi kwamba lazima upandikizwe. Ini lenye makovu linaweza kufanya kazi kwa miaka mingi bila mtu kujua. Homa ya ini C siku hizi hupona kwa vidonge vya wiki chache kwa zaidi ya watu 95 katika kila 100, homa ya ini B hudhibitiwa kwa kidonge cha kila siku, na wapo walioacha pombe kabisa, ini lao likapata nafuu ya kutosha kuondolewa kwenye mazungumzo ya upandikizaji. Mambo hubadilika pale inapojitokeza moja ya dalili nne: tumbo kujaa maji, kutapika damu, kuchanganyikiwa, au manjano isiyokwisha. Ikitokea hata moja, uliza siku hiyohiyo kama umefika wakati wa kupelekwa kwenye kituo cha upandikizaji. Usisubiri zikamilike zote.

Kuna makundi mawili ambayo hayafuati mwendo huu wa polepole. La kwanza ni ini lililokuwa zima kushindwa ghafla ndani ya siku au wiki, kwa mfano baada ya kumeza parasetamoli kupita kiasi au kwa shambulio kali la virusi. Mgonjwa huyu huwekwa mbele ya wengine wote. La pili ni saratani iliyoanzia kwenye ini. Tangu mwaka 1996 vituo vingi hufuata vigezo vinavyoitwa vya Milan: uvimbe mmoja usiozidi sentimita 5, au uvimbe usiozidi mitatu na kila mmoja usizidi sentimita 3, bila saratani kuingia kwenye mishipa mikubwa ya damu wala kutoka nje ya ini. Ndani ya mipaka hiyo upandikizaji huondoa saratani pamoja na ini bovu lililoizaa. Nje ya mipaka hiyo, uwezekano wa saratani kurudi huwa mkubwa, ingawa vituo vingine hujaribu kwanza kuipunguza kwa matibabu na kupima upya.

Alama inayopanga foleni

Maini ya kupandikizwa ni machache kuliko wanaoyahitaji, kwa hiyo pahali pengi foleni hupangwa kwa ukali wa ugonjwa na si kwa nani alitangulia kufika. Kipimo kinachotumika zaidi huitwa MELD. Huanzia alama 6 hadi 40, na hukokotolewa kutokana na vipimo vya kawaida vya damu: bilirubini, kreatinini inayoonyesha hali ya figo, INR inayoonyesha kasi ya damu kuganda, na sodiamu. Toleo jipya limeongeza albumini na jinsia, kwa sababu kreatinini ya mwanamke huwa ya chini kiasili, na wanawake walikuwa wakionekana kuwa na nafuu kuliko hali yao halisi. Alama hiyo hukadiria hatari ya kufariki ndani ya miezi mitatu ikiwa hakuna kitakachofanyika. Kwa wagonjwa wengi wenye alama chini ya 15, hatari ya upasuaji huzidi faida yake, na ndiyo maana daktari anaweza kukuambia usubiri ilhali wewe unajihisi mgonjwa sana.

Udhaifu wa alama hii ni kwamba haipimi uchovu, wala muwasho unaokunyima usingizi, wala tumbo linalotolewa maji kila baada ya siku kumi. Kwa baadhi ya hali hizi, na hasa kwa saratani, mifumo mingi huongeza alama au huwa na njia ya kuomba mgonjwa afikiriwe kwa namna ya pekee. Uliza alama yako kila unapohudhuria kliniki, iandike pamoja na tarehe, na usikose siku ya kipimo, kwa kuwa matokeo yaliyopitwa na wakati yanaweza kukushusha kwenye foleni bila wewe kujua.

Uchunguzi kabla ya kuingizwa kwenye orodha

Uchunguzi huchukua siku kadhaa hadi wiki kadhaa, nao hutafuta majibu ya maswali mawili: mwili wako utahimili upasuaji? Na ukishahimili, ini jipya litadumu? Kwa swali la kwanza utapimwa moyo, mapafu, figo, nguvu za misuli na mishipa ya damu ya tumboni. Kwa swali la pili utatafutwa ugonjwa wowote unaoweza kulipuka kinga itakaposhushwa kwa dawa ili mwili usilishambulie ini jipya: kifua kikuu kilicholala, virusi mbalimbali, saratani ya sehemu nyingine, hata jino lililooza. Wagonjwa hushangaa kupelekwa kwa daktari wa meno, lakini usaha uliojificha chini ya jino ni hatari kwa mtu ambaye kinga yake imeshushwa kwa makusudi. Kuishi na VVU vilivyodhibitiwa kwa dawa siyo tena sababu ya kukataliwa kwa yenyewe.

Utakutana pia na mtaalamu wa afya ya akili na afisa ustawi wa jamii, na hapa ndipo wengi hujikaza na kutoa majibu ya kupendeza. Nawasihi msifanye hivyo. Maswali kuhusu pombe, tumbaku, dawa za mitishamba na huzuni hayaulizwi ili mtu akamatwe, bali yana kazi katika matibabu. Vituo vingi hutaka mgonjwa wa pombe awe ameacha kwa muda, mara nyingi miezi sita, ingawa vingine huangalia zaidi uthabiti wa msaada alionao kuliko hesabu ya miezi peke yake. Mtu anayesema kweli hupangiwa msaada. Anayeficha hugundulika kwenye kipimo cha damu au cha mkojo, na kuaminiwa tena huchukua muda ambao ini lake halina. Vilevile utaulizwa ni nani atakayekaa nawe miezi mitatu ya mwanzo. Jibu hilo liandaliwe nyumbani, kwa majina ya watu wawili walioombwa na kukubali.

Saratani iliyosambaa nje ya ini, maambukizi yasiyodhibitiwa, na ugonjwa mkubwa wa moyo au mapafu ni miongoni mwa sababu za kukataliwa. Ukikataliwa, uliza kama jibu hilo ni "hapana" au ni "bado". Mengi huwa ni "bado": punguza uzito, tibu kifua kikuu, rudisha nguvu za misuli, kisha urudi.

Namna ya kusubiri

Watu huzungumzia kusubiri kana kwamba ni kukaa tu. Kwa maoni yangu hiki ndicho kipindi chenye kazi nyingi kuliko vyote, na ndicho mgonjwa anachoweza kukiharibu au kukiokoa kwa mambo yanayoonekana madogo.

Anza na chakula. Zamani wagonjwa wa ini waliambiwa wapunguze protini, na ushauri huo bado unazunguka. Siku hizi miongozo inasema kinyume chake: mgonjwa wa sirosisi anahitaji protini zaidi ya mtu mzima wa afya, takriban gramu 1.2 hadi 1.5 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, kwa sababu ini lisiloweza kuhifadhi sukari huulazimisha mwili kula misuli yake wenyewe usiku. Ndiyo maana unashauriwa kula kidogo kidogo mara nyingi, na kula kitu kabla ya kulala. Kinachopaswa kupunguzwa, hasa tumbo linapojaa maji, ni chumvi. Tembea kila siku kadiri unavyoweza, kwa kuwa misuli utakayoingia nayo kwenye chumba cha upasuaji ndiyo itakayokuinua kitandani baadaye.

Kuhusu dawa za maumivu, ibuprofeni, diklofenaki na jamaa zake ziachwe kabisa, kwani huumiza figo na huchochea kutoka damu. Parasetamoli ndiyo iliyo salama zaidi ikitumiwa kwa kiasi, mara nyingi isiyozidi gramu 2 kwa siku, lakini thibitisha na daktari wako. Dawa za mitishamba ziachwe pia, hata zile zinazosifiwa kwamba husafisha ini. Kwa wenye mishipa iliyovimba kwenye umio kuna vidonge vya kushusha shinikizo, na kuna kufungwa mishipa hiyo kwa mpira mdogo kupitia kamera inayopitishwa kooni. Wengi huhitaji pia ultrasaundi ya ini kila miezi sita ili saratani ikijitokeza ionwe ikiwa ndogo. Chanjo zitolewe sasa, kwa sababu zile zenye vimelea hai, kama ya surua na ya homa ya manjano, kwa kawaida haziruhusiwi baada ya kupandikizwa.

Jambo linaloponyoka macho ya nyumbani kuliko yote ni ubongo unaoanza kulemewa na sumu. Kila jioni nilimpa kaka yangu daftari aandike jina lake na tarehe. Kwa wiki mbili maandishi yalifanana. Kisha jioni moja herufi zikaanza kupanda na kushuka kwenye mstari, tarehe akaiandika mara mbili, na nilipomuuliza akanijibu kwa ukali, yeye ambaye hakuwa mkali, kwamba hana tatizo lolote. Asubuhi yake hakujua ni siku gani. Tukagundua kwamba alikuwa ameacha dawa yake ya laktulosi kwa siku tatu kwa sababu aliona aibu kwenda chooni mara kwa mara kukiwa na wageni. Laktulosi kazi yake ni hiyohiyo: humwezesha mtu kupata choo laini mara mbili au tatu kwa siku, na sumu hutoka kwa njia hiyo. Ikipungua hapo, anza kuwa na wasiwasi. Ikizidi sana, maji ya mwili hupotea na hali huharibika vilevile. Kipimo kingine unachoweza kukifanya nyumbani ni kumwambia mgonjwa anyooshe mikono mbele, viganja vikitazama mbele na vidole vikiwa vimetanuliwa, kama anayesimamisha gari. Mikono ikianza kupepea, piga simu hospitali. Homa au maumivu ya tumbo kwa mtu mwenye maji tumboni nayo hayasubiri kesho, kwa kuwa maji hayo yanaweza kuwa yameingiwa na bakteria.

Ini linatoka wapi

Ini linaweza kutoka kwa mtu aliyefariki, mara nyingi ambaye ubongo wake umethibitishwa kufa kabisa huku mashine ikimpumulia na moyo ukiendelea kupiga, au kutoka kwa mtu aliye hai anayetoa sehemu ya ini lake. Hilo la pili linawezekana kwa sababu ini hukua tena. Upandikizaji wa kwanza kufanikiwa kutoka kwa mchangiaji hai ulifanywa na daktari mpasuaji Russell Strong huko Brisbane, Australia, mwaka 1989, mama akimpa mwanawe. Mtoto mdogo hutosheka na kipande cha upande wa kushoto; mtu mzima kwa kawaida huhitaji upande wa kulia, ambao ni takriban asilimia 60 ya ini zima. Ndani ya miezi michache, kilichobaki kwa mchangiaji na kilichopandikizwa kwa mgonjwa hukua na kukaribia ukubwa unaohitajika.

Kinachotazamwa kwanza ni kundi la damu. Mwenye O anaweza kumpa yeyote, mwenye AB anaweza kupokea kutoka kwa yeyote, A humpa A au AB, na B humpa B au AB. Alama ya chanya au hasi haina uzito hapa. Kisha hutazamwa ukubwa wa ini na hali yake, kwa mfano kama lina mafuta mengi. Tofauti na figo, ini halihitaji kulinganishwa sana kwa vinasaba, kwa hiyo mke, mume au rafiki anaweza kufaa kuliko ndugu wa damu.

Naomba ukae kidogo kwenye suala la mchangiaji aliye hai, kwa sababu familia hulipitia haraka mno. Huyu ni mtu mzima wa afya anayepasuliwa upasuaji mkubwa ambao yeye hauhitaji. Hatari ya kufariki kwake ni ndogo, hukadiriwa kuwa kati ya mtu mmoja kwa 200 na mmoja kwa 1,000 kutegemea sehemu inayotolewa, lakini ipo, na wengi zaidi hupata matatizo kama nyongo kuvuja, maambukizi au ngiri kwenye kovu. Atahitaji wiki sita hadi kumi na mbili kabla ya kurudi kazini. Anapaswa kuwa na mtetezi wake ambaye si daktari wa mgonjwa, na anaweza kujiondoa saa yoyote hadi anapolazwa usingizi wa dawa. Vituo vizuri humlinda kwa kuiambia familia kwamba vipimo vyake havikufaa, bila kueleza zaidi. Mgonjwa, usiombe ini mbele ya watu. Eleza hali yako, kisha umwache anayetaka kujitolea aende mwenyewe kwa mratibu wa upandikizaji kituoni. Kununua kiungo ni jambo lililolaaniwa na Azimio la Istanbul la mwaka 2008, tamko la kimataifa dhidi ya biashara ya viungo, na limekatazwa na sheria za nchi nyingi, na anayenunua hujiweka katika hatari ya kupata kiungo kisichochunguzwa na ya kukosa wa kumfuatilia baadaye.

Simu ikilia, na siku ya upasuaji

Ini lililotolewa mwilini na kuwekwa kwenye barafu kwa kawaida linapaswa kupandikizwa ndani ya takriban saa 12, na mapema zaidi ni bora, ingawa mashine zinazolipitishia damu au maji maalumu zimeanza kurefusha muda huo. Kwa hiyo simu yako iwe na chaji usiku na mchana, begi liwe tayari, na usafiri uwe umejulikana. Ukiitwa, acha kula na kunywa kuanzia hapo. Jiandae pia kurudishwa nyumbani: madaktari wanaweza kulikagua ini na kuliona halifai. Inaumiza, lakini ni uamuzi unaofanywa kwa faida yako, na nafasi yako kwenye orodha haipotei kwa sababu hiyo.

Upasuaji huchukua saa sita hadi kumi na mbili. Ini la zamani hutolewa, jipya huwekwa mahali palepale, na mishipa mikubwa ya damu huunganishwa. Damu ikiruhusiwa kuingia, ini lililokuwa limepauka hujaa rangi palepale mbele ya macho ya madaktari, na nyongo ikianza kutoka wanajua kwamba limeamka. Mrija wa nyongo huunganishwa mwishoni. Utazinduka katika chumba cha wagonjwa mahututi ukiwa na mpira kooni unaokupumulia, na hutaweza kusema hadi utolewe. Utakuwa pia na mirija ya kutoa majimaji tumboni, mpira wa mkojo na dripu shingoni. Ndugu waambiwe mapema ili wasishtuke. Wengi hukaa humo siku chache, na hospitalini kwa jumla wiki moja hadi tatu.

Siku hizo utapimwa damu kila siku, na ultrasaundi mara kwa mara. Kinachotafutwa ni damu kuganda ndani ya mshipa unaolisha ini, ambayo ni dharura kubwa ya wiki za mwanzo, nyongo kuvuja, na ini kuchelewa kufanya kazi. Katika vituo vyenye uzoefu, takriban wagonjwa 90 kati ya 100 huwa hai baada ya mwaka mmoja, na takriban robo tatu baada ya miaka mitano. Uliza takwimu za kituo chako mwenyewe, na idadi ya upandikizaji wanaoufanya kwa mwaka.

Vidonge vya kila baada ya saa 12

Daktari mpasuaji Thomas Starzl alijaribu upandikizaji wa kwanza wa ini la binadamu huko Denver, Marekani, mwaka 1963, na mgonjwa wake wa kwanza kuishi zaidi ya mwaka alipatikana mwaka 1967. Hata hivyo kwa muda mrefu baada ya hapo wengi waliendelea kufa, kwa kuwa mwili huliona ini la mwingine kama adui na kulishambulia. Mabadiliko makubwa yaliletwa na dawa za kushusha kinga, siklosporini kwanza katika miaka ya 1980, kisha takrolimasi. Mgonjwa anayeruka vidonge vyake anajirudisha kwenye zama za kabla ya dawa hizo.

Takrolimasi ya kawaida humezwa kila baada ya saa 12, mara nyingi pamoja na dawa nyingine za kushusha kinga, mikofenoleti na prednisoloni, ambazo hupunguzwa kadiri miezi inavyokwenda. Kiwango chake katika damu kina nafasi finyu: kikishuka, ini hushambuliwa, kikipanda, figo huumia na mikono hutetemeka. Kwa hiyo kipimo hufanywa asubuhi, kabla tu ya dozi inayofuata, wakati dawa iko chini kabisa. Kaka yangu, kwa bidii yake, alimeza kidonge saa kumi na mbili asubuhi kama kawaida, kisha akatolewa damu saa mbili. Majibu yakaonyesha kiwango cha juu mno, na dozi ingepunguzwa kimakosa kama muuguzi hangeuliza swali moja: "Umemeza saa ngapi?" Siku ya kipimo, beba kidonge mfukoni, utolewe damu, ndipo umeze. Ukitapika baada ya kumeza au ukisahau dozi, piga simu uulize. Usimeze mara mbili kwa kukisia.

Dawa hizi hazipatani na nyingi nyingine. Balungi, baadhi ya antibiotiki kama klarithromaisini, na dawa za fangasi kama flukonazoli huipandisha takrolimasi; rifampisini inayotibu kifua kikuu huishusha kwa kasi. Yeyote anayekuandikia dawa, hata ya kikohozi, aambiwe kwanza kwamba umepandikizwa ini.

Mwili kulikataa ini hutokea zaidi katika miezi mitatu ya mwanzo, na mara nyingi hauumi popote; huonekana kwanza kwenye vipimo vya damu, kisha huthibitishwa kwa kuchukua kinyama cha ini kwa sindano. Wengi hutibika kwa dawa ya dripu ya siku chache. Neno "kukataliwa" linatisha, lakini likigunduliwa mapema si mwisho wa ini hilo. Homa ya nyuzi 38 au zaidi, manjano, mkojo mweusi, choo cheupe, kuhara kusikokoma au kidonda kinachotoa usaha ni mambo ya kupigia simu siku hiyohiyo.

Utapewa pia kwa miezi kadhaa dawa za kuzuia maambukizi, na aliyekuwa na homa ya ini B ataendelea na dawa yake ili virusi visilivamie ini jipya. Usile nyama, mayai wala samaki wabichi, wala maziwa yasiyochemshwa. Usinyanyue vitu vizito kwa miezi miwili au mitatu, na usiendeshe gari hadi uruhusiwe. Baada ya hapo yanayofuatiliwa ni presha, kisukari, figo na mifupa, ambayo dawa huyachokonoa polepole, pamoja na ngozi, kwa sababu saratani ya ngozi huongezeka. Jikinge na jua kali na uonyeshe daktari alama yoyote mpya.

Uwezo wa kushika mimba unaweza kurudi ndani ya miezi michache, kabla hata hedhi haijawa ya kawaida, kwa hiyo uzazi wa mpango uanze mapema. Hushauriwa kusubiri angalau mwaka mmoja, na mikofenoleti, ambayo huharibu mimba, isimamishwe na daktari wiki sita au zaidi kabla ya kujaribu. Huzuni nayo huja, wakati mwingine pamoja na hisia ya kuwa na deni kwa aliyefariki. Mwambie mratibu, maana inatibika, na vituo vingi huweza kuifikishia familia ya mchangiaji barua yako bila kutaja majina.

Ukisafiri, vidonge vyote viwe kwenye mkoba unaoubeba mkononi, vikiwa katika paketi zake, pamoja na barua ya daktari na dawa za siku za ziada. Ukivuka maeneo yenye saa tofauti, hesabu saa 12 tangu dozi ya mwisho uliyomeza, kisha muulize mratibu kabla ya kuondoka namna ya kuzihamisha taratibu ziende na saa za uendako.